Soksi ya Kulazia Simu

Simu ilikutwa asubuhi ndani ya pipa la taka nyuma ya jiko la shule, imevalishwa soksi.

Mpishi ndiye aliyeiona. Alikuwa akimwaga maganda ya viazi, akaona kitu chenye mistari ya njano na zambarau kikichungulia kati ya majani ya chai. Akakivuta, akakikung'uta, simu ikamwangukia mguuni. Mwingine angeitia mfukoni na kumshukuru Mungu. Yeye alipiga yowe, maana tangu jana jioni watu walikuwa wakimtafuta mwenye simu hiyo.

Mwenye simu alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa kitengo cha elimu maalumu. Wenzake walimwita Kinanda, kwa kuwa alikuwa akiimba kwa pua kutwa nzima, darasani, chooni, hata akila. Akili yake ilijifunza polepole, lakini kilichoingia hakikutoka. Jana hakupanda gari la shule, na nyumbani hakufika.

Inspekta aliwasili saa mbili na robo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye subira fupi zaidi. Kituoni walimwita Msasa, kwa namna alivyomsugua mtu kwa maswali mpaka rangi ya juu itoke. Nyuma yake alikuja Sajini, mrefu, mpole, na daftari lake. Sajini aliandika kila kitu. Shahidi akikohoa, kikohozi kiliandikwa.

Ofisini kwa mwalimu mkuu, mama wa msichana alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti. Alikuwa fundi cherehani, na futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake tangu jana. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Mkononi alishika chupa ndogo ya vidonge.

"Nieleze habari za hiyo dawa, mama," Inspekta alisema.

"Mwanangu ana kifafa, afande. Kidonge asubuhi saa moja, kidonge jioni saa moja."

"Akikosa?"

"Akikosa kimoja, mikono inatetemeka. Akizidi kucheleweshwa anaanguka, na akianguka hainuki mpaka sindano. Mara ya mwisho tulilala wodini siku tisa. Daktari alisema ikirudi vile hataiweza."

"Cha mwisho alimeza lini?"

"Jana asubuhi. Nilimpa kwa mkono wangu huu."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Jana jioni ilikuwa imepita. Leo asubuhi nayo imepita.

"Sajini, ita gari la wagonjwa lije lisimame hapa getini. Muuguzi awe na sindano tayari."

"Hata kabla hatujampata, afande?"

"Unataka tumpate ndiyo tuanze kupiga simu?"

Mwalimu mkuu alifungua faili nene. "Inspekta, napenda ifahamike kuwa shule ina sera ya usalama wa watoto. Hii hapa, kurasa arobaini."

"Sera haijapotea, mwalimu. Mtoto ndiye kapotea."

Faili likafungwa.

Askari sita walipekua shule chumba kwa chumba. Walifungua makabati, wakachungulia tangi la maji, wakaita jina la msichana mpaka sauti zikakauka. Chumba cha zamani cha kufulia kilikuwa na kufuli lililoshikana kwa kutu. Mwalimu mkuu alisema hakijafunguliwa miaka mitatu. Sajini aligonga hata hivyo, akaita mara mbili. Kimya. Akaandika, akaendelea.

Msaidizi wa darasa aliwapa mwelekeo wa kwanza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kubembeleza. Watoto wote walimwita Shangazi, na wazazi nao wakaiga. Tangu asubuhi alikuwa amekaa kando ya mama wa msichana, akimshika mkono.

"Nilimwona jana baada ya chakula," alisema. "Alikuwa anakwenda getini. Kulikuwa na pikipiki inamngoja."

"Rangi gani?"

"Nyekundu. Au... sikuangalia vizuri, dada yangu. Laiti ningejua."

Inspekta alikwenda getini. Mlinzi alimpokea kwa saluti ya jeshi ambalo hakuwahi kulitumikia.

"Jana mchana kuna mtoto aliyetoka?"

"Hata mmoja."

"Na pikipiki nyekundu?"

"Pikipiki ya wapi, afande? Jana mafundi wa maji walichimba mtaro hapa mbele tangu asubuhi. Gari la shule lenyewe lilikomea barabara kuu, na mwalimu wa michezo baiskeli yake aliibeba kichwani. Tazama udongo ule."

Inspekta aliutazama. Mtaro ulikuwa umefukiwa jana jioni, udongo bado mbichi. Basi msichana hakutoka, au mlinzi alisinzia, au Shangazi alichanganyikiwa. Mtu mwenye huzuni huona mengi. Inspekta aliliweka jambo hilo akibani, maana muda wa kugombana na mtu mwema hakuwa nao.

Saa nne, mtaalamu wa makosa ya mtandao alikuwa ameifungua simu. Alikuwa ameinamia kompyuta yake kwenye meza ya maktaba, uso umekunjamana.

"Siku kumi na tisa, afande. Mtu anajiita Kaka Mpole. Mwanzo salamu, vikatuni vya paka. Hii hapa picha ya paka mdogo juu ya kitanda, anamwambia atampa. Kisha anaanza kuomba picha."

"Alituma?"

"Ya uso tu. Jana saa sita na dakika arobaini mchana jamaa akaandika haya."

Inspekta akasoma: *Nitumie ile niliyokuomba. Ni siri yetu. Ukisema kwa mtu, mama yako ataumia.*

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Dakika kumi baadaye simu ilizimwa, haikuwashwa tena."

Nje, kila mtu alikwisha toa hukumu. Kinanda kamfuata Kaka Mpole. Mwalimu mkuu alitikisa kichwa. "Tunawafundisha, Inspekta, muhula mzima usalama wa mtandao. Lakini watoto hawa, unajua tena. Kinaingia sikio hili kinatokea lile."

"Si kweli!"

Aliyesema alikuwa mwalimu wa kitengo, mwanamke kijana mwenye macho yaliyovimba kwa kulia. Jana alikuwa kwenye ofisi ya elimu, akiwaeleza wakubwa kuhusu somo hilohilo, wakampigia makofi. Kila alipoyakumbuka makofi yale alitamani ardhi ipasuke.

"Njoo darasani kwangu," alimwambia Inspekta. "Njoo uone kama hakiingii."

Darasa lilikuwa na wanafunzi saba siku hiyo, wamekaa kimya kisicho cha kawaida. Ukutani palikuwa na mabango ya picha na maneno makubwa. MTU AKIJUA JINA LAKO, BADO HUMJUI. SIRI INAYOUMA TUMBO HAIFICHWI. Kwenye misumari ukutani zilining'inia soksi saba za njano na zambarau. Msumari wa nane ulikuwa mtupu.

Inspekta alikuwa anataka kuuliza kuhusu soksi, simu yake mwenyewe ikalia. Ujumbe ulitoka kwa bosi wake: *Waandishi wananiuliza. Nijibu nini? Saa nne hii!* Inspekta akasonya.

Msichana mmoja mwenye miwani minene alisimama. Wenzake walimwita Spika, kwa kuwa hakuna aliyeongea darasani bila idhini yake.

"Tumbo?" aliuliza.

"Nini, mwanangu?"

"Simu. Imekuuma tumbo?"

Inspekta alifikiri kidogo, akaona hana sababu ya kudanganya. "Ndiyo. Kidogo."

Spika akamnyang'anya simu. Akatoa soksi yake msumarini, akaiingiza simu humo, akaipigapiga mgongoni. "Lala." Kisha akatazama kifua cha Inspekta, akitafuta kitu.

"Kadi yako?"

"Sina kadi."

Spika alimtazama kwa huruma kubwa. "Huna watu?"

Inspekta, aliyekuwa amehoji majambazi wa kila aina, akajitazama kifuani. Spika akaamua yeye. Alikwenda kwa mwalimu, akamkabidhi soksi yenye simu kwa mikono miwili. Mwalimu akabandua nyota ya karatasi, akambandika Spika shavuni. Spika naye akabandua nyingine, akambandika mwalimu.

"Ndiyo desturi yetu," mwalimu alisema. "Maneno mengi yanawachanganya, kwa hiyo tunafanya kwa mikono. Ujumbe ukikutia hofu, hujibu. Unailaza simu, unampelekea mtu ambaye picha yake iko kwenye kadi yako. Anayelaza anapata nyota, na anayepokea anapata, ili wasidhani wanatusumbua. Tumelirudia hili mara mia mbili, Inspekta."

"Hakuna anayevalisha simu soksi kwa sababu nyingine?"

"Hakuna."

"Basi Kinanda hakumfuata mtu," Inspekta alisema polepole. "Alifanya mlichomfundisha. Aliilaza simu, akampelekea mtu. Na mtu huyo akaitupa." Alinyoosha mkono. "Nipe kadi yake."

Mwalimu alikuwa na nakala za kadi zote mezani. Kadi ya Kinanda ilikuwa na picha tatu tu. Wa kwanza mama yake, ambaye jana mchana alikuwa kwenye cherehani yake mbele ya wateja wanne. Wa pili mwalimu, aliyekuwa akipigiwa makofi mjini. Wa tatu alikuwa akitabasamu, mnene, kitambaa kichwani.

Mwalimu alishika mdomo. "Haiwezekani. Soksi hizi kazifuma yeye."

"Kwa uzi gani?"

"Masalio ya nyumbani kwake. Alisema alifuma tandiko la kitanda, nyuzi zikabaki."

Inspekta hakungoja. Alirudi maktaba karibu anakimbia. "Ile picha ya paka. Ikuze. Si paka, hicho alicholalia."

Mtaalamu akaikuza. Paka mdogo alikuwa amelala juu ya tandiko lililofumwa kwa mkono, la mistari ya njano na zambarau. Inspekta akatuma askari wawili nyumbani kwa Shangazi.

Shangazi alikuwa bado amemshika mama wa msichana mkono. Macho yake, Inspekta aliyaona sasa, yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Yalikuwa pale tangu asubuhi.

"Shangazi, njoo tuzungumze."

Walikaa darasani, watoto wametolewa nje, kwenye viti vidogo vya wanafunzi, magoti yakigusana. Sajini alisimama mlangoni. Dakika tano zilizopita alikuwa amefungua sanduku la dawa za dharura, na alichokikuta amekwisha mnong'oneza Inspekta.

"Ulisema pikipiki."

"Ndiyo."

"Jana hapakuwa na njia ya pikipiki. Palikuwa na mtaro."

"Basi labda nilichanganya siku."

"Labda. Ufunguo wa sanduku la dawa anao nani?"

"Mwalimu na mimi."

"Rejista inasema vidonge kumi vya Kinanda. Ndani vimo tisa. Mwalimu jana hakuwepo."

Shangazi akalamba midomo.

"Ulimpa jana jioni," Inspekta alisema. "Vizuri, nakushukuru. Lakini cha leo asubuhi hukumpa. Ulikuta tumejaa hapa, ukashindwa kumfikia. Ndiyo maana unaitazama saa."

"Dada yangu..."

"Mimi si dada yako. Yuko wapi?"

"Sikutaka..."

"Sikuulizi ulitaka nini. Nakuuliza yuko wapi!"

Shangazi alijibu kwa sauti ndogo. "Kule kwenye kufulia. Kuna mlango wa nyuma, upande wa ua wa miiba. Komeo lipo ndani. Nilimwambia ajifungie, asimfungulie mtu mpaka aoneshwe kadi."

Sajini akaacha kuandika. "Mimi nilimwita pale. Mara mbili. Kwa jina lake!"

Inspekta alinyoosha kidole. Bango la MTU AKIJUA JINA LAKO lilikuwa ukutani, juu ya kichwa chake.

"Nipelekeni mimi," Shangazi aliomba, akisimama. "Mimi atanifungulia haraka. Jamani, dawa yake!"

"Kaa chini. Umekwisha fungua na kufunga vya kutosha."

Inspekta alimchukua mama. Walipita nyuma ya jiko, wakajibana kando ya ua, miiba ikiwachana mikono. Futi ya cherehani ikanasa kwenye tawi. Mama akaichomoa shingoni bila kutazama, akaiacha inaning'inia.

Mlango ulikuwa wa mbao, mfupi, umeota ukungu. Mama akagonga.

"Mwanangu, ni mimi. Ni mama."

Kimya. Kisha, kwa ndani, sauti ya bati likigongagonga, taratibu, bila mpangilio. Kuna kitu kilikuwa kikitetemeka dhidi ya beseni.

"Kadi," ikasema sauti ndogo.

Mama akamgeukia Inspekta, macho yamemtoka. Inspekta alikuwa ameileta. Mama akapiga magoti kwenye tope, akaisukuma kadi chini ya mlango.

Walingoja. Mama alikuwa analia bila sauti, paji la uso limegusa ubao. Komeo likakwaruza, likasimama. Likakwaruza tena, likasimama.

"Mikono haitaki," sauti ilisema.

"Jaribu tena, mwanangu. Taratibu."

"Tuuvunje, afande?" Sajini alinong'ona.

"Ameegemea mlango. Ukiuvunja unamvunja na yeye. Subiri!" Inspekta alisema, moyo wake ukimwambia kinyume. Hakuwahi kutoa amri aliyoiogopa kama hiyo.

Komeo likakwaruza mara ya tatu. Likatoka.

Kinanda alianguka nje, mikononi mwa mama yake, mwili umekwisha kakamaa, macho yamegeuka. Mama akamlaza ubavu, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi, akamweka kichwa juu ya paja. Muuguzi alifika mbio na sindano. Dakika nne zilipita. Kila moja ilikuwa na urefu wake, na Inspekta alizipitisha akiwa amesimama, ngumi mdomoni, akiomba dua aliyoikumbuka nusunusu tangu utotoni.

Mwili ukalegea. Pumzi ikarudi, nzito, yenye mkoromo.

"Tumemuwahi," muuguzi alisema. "Kwa kitambo kidogo sana, lakini tumemuwahi. Atulie kwanza hapa, ndipo tumbebe."

Shangazi alitoa maelezo yake katika ofisi ya mwalimu mkuu. Hakuhitaji kusuguliwa tena.

"Aliniletea soksi wakati wa chakula. Kwa mikono miwili, kama tulivyowafundisha. Nikaitoa simu nisome. Nikamwona yule paka. Nikaliona tandiko langu."

"Kaka Mpole ni nani?"

"Mwanangu. Ana miaka ishirini na mbili. Namba za watoto alizitoa kwenye simu yangu, kwenye kundi la wazazi."

"Ulifikiri nini?"

"Sikufikiri. Niliizima simu, nikairudisha kwenye soksi, nikaitupa. Nikampeleka mtoto kule, nikampa godoro, mkate, maji. Nilikaa naye mpaka jioni, nikampa kidonge. Nilitaka siku moja tu, afande. Nimwahi mwanangu nyumbani, afute kila kitu, apande basi aende mbali. Kisha ningemtoa Kinanda, ningesema nimemkuta amejificha."

"Na mwanao alisemaje?"

Shangazi alifunika uso. "Alicheka. Akaniambia, 'Mama, huyo hata akisema, nani atamwelewa?'"

Nje askari mmoja alisikika akisema kwenye redio kwamba kijana amekamatwa kituo cha mabasi, na begi alilofungashiwa vizuri, mashati yamekunjwa.

"Ni mara ya kwanza?" Inspekta aliuliza.

"Mwaka jana, binti wa jirani. Nilimpiga mwanangu kofi. Akaapa mbele ya picha ya marehemu baba yake. Nikamwamini." Akainua kichwa. "Nilizika wawili kabla yake, afande. Yeye ndiye aliyenibakia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na yule aliyepiga magoti kwenye tope, yeye si mzazi?"

Shangazi aliivuta karatasi ya maelezo karibu. Akasema, kama anayejisemesha, "Watoto wa watu niliwafundisha. Wangu nilimnunulia simu nikamwachia."

Akatia sahihi. Sajini akamfunga pingu.

Walitoka naye ukumbini wakati machela ikipita kuelekea kwenye gari. Inspekta alijaribu kumrudisha nyuma, akachelewa. Kinanda alikuwa amefumbua macho, uso umepauka, nywele zimejaa utando wa buibui. Alipomwona Shangazi alitabasamu.

"Nililaza simu," alisema, ulimi mzito.

Shangazi alisimama palepale.

"Nilingoja. Waliita jina. Sikufungua." Akanyoosha mkono uliokuwa bado unatetemeka. "Nyota yangu?"

Mwalimu alikuwa na karatasi ya nyota mfukoni, akaitoa. Inspekta akaichukua haraka, ili jambo hilo liishe, akabandua moja, akainama. Kinanda akageuza shavu pembeni.

"Wewe hauko kwenye kadi."

Mama ndiye aliyembandika. Vidole vyake vilivyoshona maelfu ya vifungo vilishindwa mara mbili kuibandua, kisha vikaweza. Kinanda akaishika nyota shavuni, akaridhika. Halafu akaichukua karatasi mkononi mwa mama yake, akabandua nyingine mwenyewe, kwa shida, ulimi nje, akamnyooshea Shangazi.

"Na yako. Ulipokea."

Shangazi aliinua mikono miwili pamoja, kwa sababu ya pingu, kisha akaishusha. Alikaa sakafuni katikati ya ukumbi akalia kwa sauti iliyowafanya watoto wa madarasa mengine kuja madirishani. Mama hakumtazama. Nyota ilibaki kwenye kidole cha Kinanda mpaka machela ikaingia garini.

Sajini alikuwa ameshika daftari wazi muda wote huo. Hilo hakuliandika.